Dawa ya Sonona Siyo Panadol

Nikiwa Bariadi kwenye mazoezi ya kufundisha, mwenzangu niliyepanga naye alianza amitriptilini kwa ajili ya sonona. Siku ya tano akaiacha: "Inanikausha mdomo na kunilaza tu!"

Kumbe ubongo una vipokezi, sehemu za seli zinazopokea ujumbe. Dawa hii huziba mapema vipokezi vya histamini, ndipo usingizi unakuja. Ikiziba vya asetilikolini, mdomo unakauka. Serotonini nayo huongezeka mapema kati ya seli, ila inaaminika vipokezi vyake huchukua wiki kadhaa kujirekebisha. Nafuu huanza kuonekana kwenye wiki ya 2 hadi ya 4.

Mwenzangu alipata usumbufu, akakosa nafuu. Jamani, dawa ikikusumbua rudi kwa daktari, usiache kimyakimya.