Wanormani walisahau lugha yao jikoni: Je, Wasuba nao?

MSOMAJI mpenzi, hebu leo nikuchukue hadi Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, mahali ambapo feri kutoka Luanda Kotieno hutia nanga na akina mama wa samaki hungoja na karai zao. Ukivuka hapo unaingia Rusinga, kisiwa alikozikwa Tom Mboya mnamo 1969. Mtafute mzee yeyote wa kisiwa hicho, umsalimu kwa heshima, kisha umwulize asili ya watu wake. Atakuambia kwamba babu zao walitoka Uganda kwa mitumbwi, na kwamba wao ni Wasuba, jamii ya Kibantu kama Wabaganda na Wasoga.

Lakini sikiliza kwa makini, msomaji. Historia hiyo yote atakuwa amekusimulia kwa Dholuo.

Je, inawezekanaje mtu akumbuke alikotoka babu yake na asikumbuke alivyozungumza? Wapo wanaodhani kwamba lugha hufa kwa sababu wenyewe wameshindwa vitani. Kama wewe ni mmoja wao, basi tulia nikusimulie habari za Wanormani wa Ulaya, watu walioshinda karibu kila vita walivyopigana na bado wakapoteza lugha yao, tena si mara moja bali mara mbili.

WATU WA KASKAZINI

Jina Normani maana yake ni mtu wa kaskazini. Babu zao walikuwa mabaharia wa Denmark na Norway waliojulikana kama Viking, ambao katika karne ya 9 walipanda mto Seine kwa merikebu zao ndefu, wakapora nyumba za watawa na kuchoma miji ya Ufaransa. Mnamo 911 mfalme Charles wa Ufaransa alichoka. Alifanya mapatano na kiongozi wao mmoja, Rollo: wewe batizwa, uache kuniibia, unilinde dhidi ya wezi wenzako, nami nitakupa ardhi ya Rouen na viunga vyake. Ardhi hiyo ndiyo tunayoiita Normandy mpaka leo.

Wageni hao hawakuja na wake wengi. Walioa mabinti wa Kifaransa, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtoto alinyonya kwa Kifaransa, akabembelezwa kwa Kifaransa, akakaripiwa kwa Kifaransa. Baba alirudi jioni na lugha yake ya baharini akakuta nyumba imeshakuwa na lugha nyingine.

Mwandishi mmoja wa wakati huo, Dudo, anatupa kisa kinachogusa moyo. Mwana wa Rollo, William, alipopata mtoto wa kiume aliyeitwa Richard, alitambua kwamba mjini Rouen watu walikuwa wakizungumza Kifaransa zaidi kuliko lugha ya wazee wao. Basi akampeleka kijana huyo Bayeux, mji ambako lugha hiyo ilikuwa bado hai, ili ajifunze. Fikiria jambo hilo, msomaji. Huyu ni mjukuu tu wa Rollo. Haijapita hata miaka 50 tangu babu yake apewe ardhi, na tayari inambidi apelekwe mji mwingine akafundishwe kuzungumza kama babu yake!

Je, ni wazazi wangapi mjini Nairobi au Kisumu ambao kila Desemba huwapeleka watoto kwa nyanya yao mashambani kwa nia hiyo hiyo?

Juhudi za William hazikufua dafu. Kufikia 1066, wakati mtawala mwingine wa Normandy, naye akiitwa William, alipovuka bahari na kumwua mfalme Harold wa Uingereza katika vita vya Hastings tarehe 14 Oktoba, Wanormani walikuwa tayari ni Wafaransa wa kuzungumza. Alitawazwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Walikuwa wachache mno mbele ya Waingereza, lakini walijenga ngome kila pembe, walinyakua mashamba, na mnamo 1085 mfalme akaagiza kila shamba, kinu na ng'ombe viandikwe katika daftari moja kubwa la kodi. Daftari hilo lilionyesha kwamba ni sehemu ndogo tu ya ardhi iliyokuwa bado mikononi mwa mabwana wa Kiingereza.

Sasa bwana alizungumza Kifaransa na mchungaji wake akazungumza Kiingereza. Ndiyo maana Kiingereza cha leo kina neno moja kwa ng'ombe akiwa malishoni, 'cow', na jingine akiwa mezani, 'beef'. La kwanza ni la aliyemchunga, la pili ni la aliyemla. Nasi hapa Kenya hatukusalimika. Maneno tunayoyatamka kila siku kama korti, jaji na jela tumeyapata kwa Waingereza, lakini Waingereza nao waliyapata kwa Wanormani. Mtu anayefikishwa kortini Migori leo anahukumiwa kwa maneno yaliyoletwa na watu wa Hastings.

Wanormani wengine walikwenda kusini hadi kisiwa cha Sicily, wakauteka mji wa Palermo kwa Waarabu mnamo 1072. Huko hawakufukuza kila mtu. Mfalme wao Roger wa Pili, aliyetawazwa 1130, aliwaweka barazani mwake Waarabu, Wagiriki na Walatini. La ajabu ni kwamba msomi wake mmoja, al-Idrisi, alipomaliza kitabu chake cha jiografia ya dunia mnamo 1154, aliitaja hata miji yetu ya Malindi na Mombasa. Naam, Mnormani wa karne ya 12 angeweza kusomewa habari za pwani ya Kenya akiwa kitini pake Palermo!

Turudi Uingereza. Kwa takriban miaka 300 wakuu walishikilia Kifaransa chao. Lakini yaya walikuwa Waingereza, wapishi walikuwa Waingereza, na wake wengi pia. Mnamo 1362 ilipitishwa sheria kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa kuwa wananchi hawakuelewa Kifaransa. Mnamo 1399 akaketi kitini Henry wa Nne, mfalme wa kwanza tangu Hastings ambaye lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kiingereza. Mshindi alikuwa amemezwa na mshinde wake, kijiko kwa kijiko.

KUTOKA BUGANDA HADI RUSINGA

Wasuba hawakuja kama washindi. Mapokeo yao yanasema kwamba katika karne ya 18 kulitokea mauaji ya Kabaka huko Buganda, na waliohofia kulipiziwa kisasi wakakimbia kwa mitumbwi kupitia Busoga, wakaambaa na visiwa vya Ziwa Victoria mpaka wakafika Mfangano na Rusinga. Wengine walisonga bara hadi Gwassi na Kaksingri, na wengine Muhuru, katika Kaunti ya Migori ya leo. Watu wa Suna, pale mji wa Migori ulipo, wanahistoria pia huwahesabu katika ukoo huo mpana. Profesa Henry Ayot aliyeandika historia yao mnamo 1979 aliwaita Waluo-Abasuba, jina linalokuambia tayari safari ilikoishia.

Wajaluo nao, kama Wanormani, ni watu waliotoka kaskazini. Babu zao walishuka kando ya mto Nile kutoka Sudan, wakapitia Uganda, wakaingia Nyanza kwa vikundi katika muda wa vizazi vingi, kisha wakavuka ghuba ya Winam kuja kusini. Walipokutana na Wasuba, palikuwa na ugomvi wa ardhi na mifugo, lakini palikuwa pia na soko, na palikuwa na posa.

Hapo ndipo utakapoiona Rouen tena, msomaji. Msuba alioa binti Mjaluo. Binti akaja na mkungu wake, na hadithi za nyanya yake, na nyimbo za kubembelezea mtoto. Mtoto akakua akimwita mama kwa Dholuo. Baba alimpa mtoto jina la ukoo, lakini mama ndiye aliyempa ulimi.

Kisha ikaja misheni. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mnamo 1906. Walihitaji lugha moja ya kuhubiria eneo kubwa, wakachagua Dholuo. Mahubiri, nyimbo na vitabu vya kwanza vya shule vikawa katika lugha hiyo. Serikali ya kikoloni nayo ikaendesha kazi zake kwa Dholuo. Msuba aliyetaka mwanawe asome na apate kazi hakuwa na budi kumhimiza ajifunze. Hakuna aliyewachapa Wasuba viboko ili wasahau Olusuba. Kila baba alifanya lililokuwa jema kwa mwanawe, na wote pamoja wakajikuta mahali ambapo hakuna mmoja wao aliyekusudia kufika.

Leo Rusinga nzima huzungumza Dholuo. Ni Mfangano, kisiwa cha mbali zaidi, ambako Olusuba bado husikika, hasa kwa wazee. Shirika la UNESCO limeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Wenyewe hawakukaa kitako: wana jumba lao la makumbusho Mfangano, na redio ya kisiwani imepewa jina la Kisuba, Ekialo Kiona, yaani ulimwengu mzima.

KUTA ZA THIMLICH

Usije ukadhani, hata hivyo, kwamba kukutana kwa jamii ni kupoteza tu. Safiri kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori uione Thimlich Ohinga. Ni boma za mawe zilizopangwa bila chokaa wala udongo wa kugandishia, jiwe juu ya jiwe, kuta zenye urefu wa kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu kwenda juu. Inaaminika zilianza kujengwa katika karne ya 16. Milango imefanywa mifupi makusudi, hata anayeingia analazimika kuinama, na mwenye kuinama ni rahisi kupigwa rungu.

Wanormani walijenga ngome ili aliyeshindwa ajue bwana yuko wapi. Ngome yao ya London, iliyoanzishwa miaka ya 1060, bado inatisha hadi leo. Thimlich ilijengwa kwa ajili nyingine: mwizi wa mifugo na mnyama wa mwitu wabaki nje, nyumba na ng'ombe wawe ndani.

Na tazama jambo hili. Watafiti wanaeleza kwamba si kabila moja lililoishi humo. Wakaaji wa mwanzo, huenda wa asili ya Kibantu, walipohama, wengine waliingia, wakiwemo Wajaluo, na kila aliyeingia alizitengeneza kuta alizozikuta badala ya kuzibomoa. Zilikaliwa hivyo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Katika eneo hilo la kusini mwa Nyanza kuna boma kama hizo zaidi ya 500. Mnamo 2018 UNESCO iliiingiza Thimlich katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukuta ulipata bahati ambayo lugha haikuipata. Ukuta ukiachwa miaka 50, mawe yapo, atakuja mwingine ayainue. Lugha ikiachwa miaka 50, hakuna jiwe la kuinua.

NYUMBANI KWAKO JE?

Huenda wewe si Msuba. Huenda ni Mkuria, Mkisii, Mtaita au Mjaluo mwenyewe, unaishi Umoja au Kangemi, na watoto wako wanazungumza Kiingereza cha shule na Sheng ya mtaani. Nyanya akija mjini wanatazamana kama wageni, wewe ukiwa mkalimani katikati. Unajiambia kwamba watajifunza wakikua. Hata Wanormani walijiambia hivyo.

Sikuombi uwanyime watoto Kiswahili au Kiingereza. Msuba aliyejifunza Dholuo hakukosea, alipata majirani, wake na elimu. Kosa, kama lipo, ni kuiweka lugha moja chini ili kuichukua nyingine, ilhali mdomo unaweza kubeba zote. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Basi leo Jumapili, mkiketi kula, jaribu jambo moja dogo. Uliza chumvi kwa lugha ya mama yako. Mtoto asipojua unachotaka, usimcheke wala usimkaripie. Mwonyeshe chumvi, umtajie jina lake, na kesho umwulize tena. William aliyempeleka mwanawe Bayeux alikuwa na nia njema, ila alisahau kwamba shule ya lugha ilikuwa mezani pake mwenyewe.