Kikomo cha Mkopo Si Mali ya Nyumba



Familia nyingi za pwani zina ndugu walioolewa au kuhamia miji ya Mlima Kenya, na malalamiko ya Nyeri na Karatina hayatofautiani na yale ya Kongowea. Mtu hutazama simu yake asubuhi akakuta kikomo chake cha mkopo kimekatwa. Jana angeweza kuchukua shilingi 8,000, leo hapati ila 500, wala hakuna aliyemweleza sababu.

Mfano ulio karibu nasi ni Fuliza, huduma iliyoanzishwa na Safaricom pamoja na benki Januari 2019. Humwezesha mteja kulipa zaidi ya salio lake la M-Pesa, na fedha zinapoingia, deni hukatwa papo hapo. Kikomo huwekwa na mkopeshaji kwa kutazama mwenendo wa fedha za mteja na ulipaji wake. Si ahadi, na aliyekiweka aweza kukipunguza.

Tumtazame mama auzaye mboga katika soko la Karatina. Alfajiri huchukua shilingi 8,000 za mkopo akanunua kabichi na viazi. Jioni mauzo yakiingia, deni lakatwa, na kesho yake huchukua tena. Kwa miezi mingi huona kwamba ana mtaji. Siku moja deni lake lakatwa lote kama kawaida, lakini kikomo chashuka. Amelipa kwa uaminifu, na fedha alizolipa hazichukuliki tena. Hapo ndipo hubainika kwamba mtaji ule haukuwa wake. Kibanda chafungwa, na karo ya mtoto yasimama, ilhali mumewe pengine hakujua kamwe kwamba chakula cha nyumbani kilitegemea nambari iliyo ndani ya simu.

Tusidhani kwamba kukatwa kikomo ni hukumu juu ya heshima ya mtu. Mara nyingine sababu ni kuchelewa kulipa, na mara nyingine ni hofu ya mkopeshaji mwenyewe. Mwaka 2016 sheria ya Kenya ilizizuia benki kutoza riba iliyozidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa kumpunguzia mkopaji mzigo, lakini benki nyingi ziliwapunguzia mikopo wafanyabiashara wadogo, zikaona ni salama zaidi kuikopesha Serikali. Sheria hiyo ilibatilishwa Novemba 2019. Huko Marekani, katika msukosuko wa fedha wa mwaka 2009, kampuni ya American Express iliwapa baadhi ya wateja dola 300 ili walipe madeni yao na kufunga kadi zao. Mkopeshaji anapoogopa, hujilinda yeye kwanza.

Kwetu sisi Waislamu lipo jambo zito zaidi. Ada inayoongezeka kwa sababu siku za deni zimeongezeka, hatuoni namna ya kuitenga na riba. Basi anayesikitika kwamba kikomo kimeshuka, na autumie mwanya huo kutoka, badala ya kukimbilia programu nyingine ya mikopo ili kuziba pengo.

Lakini kukataza bila kuonyesha njia ni kumwacha mtu jangwani. Kwanza, mume na mke wakae pamoja, kila mmoja ataje madeni yake, bila kelele wala kuaibishana. Pili, mtaji ujengwe kidogo kidogo: shilingi 50 kwa siku ni shilingi 18,250 kwa mwaka, na hizo hakuna awezaye kuzikata. Tatu, vyama vya akina mama, vya huko mlimani na vya kwetu, vitenge fungu la karadha njema, mkopo usio na ziada. Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yatufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Aya ya 280 yatuamrisha kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Chama kitakachoshika yote mawili kitadumu.

Tena, kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka ofisi za kumbukumbu za mikopo, na kupinga lililoandikwa kimakosa. Haki hiyo itumiwe.

Na wewe mwenye nafasi, usingoje dada yako wa Nyeri apige simu akilia. Muulize leo, kwa upole, biashara yake yasimama juu ya nini. Huenda shilingi elfu chache zako, zisizo na ziada, ndizo zitakazofungua kibanda chake kesho. Mwenyezi Mungu atutoshe kwa halali Yake. Amin.