Linux ni bure, lakini mwenye duka Dodoma apige hesabu kwanza

MFANYABIASHARA mdogo wa Dodoma anayeendesha duka kwa kompyuta yenye mfumo wa Linux hukutana na vishawishi vingi vya kurudi Windows. Vingi kati ya hivyo havitokani na ubovu wa Linux yenyewe. Vinatokana na vifaa na programu zinazoizunguka, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake.

Suala hilo limepata uzito tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kuwekewa Windows 11 kwa utaratibu rasmi. Mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa kompyuta za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi.

Mwenye kompyuta ya zamani aliachiwa njia tatu. Ya kwanza ni kununua nyingine. Ya pili ni kujiunga na mpango wa nyongeza unaoishia Oktoba 2026, ambao bei yake ilitangazwa kuwa dola 30. Ya tatu ni kuhamia Linux.

BEI MBILI ZA WINDOWS

Kwa bei iliyotangazwa Marekani, leseni moja ya Windows 11 Home ni dola 139. Dola moja ikihesabiwa kwa Sh. 2,500, hiyo ni Sh. 347,500. Duka lenye kompyuta tatu litatoa Sh. 1,042,500, fedha ambazo kwa wengi ni sehemu ya mtaji. Linux za aina ya Ubuntu au Mint hazilipiwi chochote. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa hata ikiwatumia watu CD za bure kwa posta hadi mwaka 2011.

Hata hivyo, ushindani wa mitaani sio huo. Ipo Windows iliyovunjwa kinga, ambayo fundi humwekea mteja kwa ada ya kazi tu. Kwa mwenye duka, mifumo yote miwili basi inaonekana ni ya bure, na ile aliyoizoea ndiyo inayoshinda. Anachosahau ni kwamba nakala hizo zinakiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kwamba programu za kuvunjia kinga mara nyingi huja na virusi.

LUGHA SI KIKWAZO

Wako waliodhani Linux inashindwa kuenea kwa sababu ya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilishughulikia suala hilo kupitia mradi wa Kilinux. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lugha ilipatikana, lakini vikwazo vya kibiashara vilibaki palepale.

Kikwazo cha kwanza ni kodi. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Mwenye mashine inayojitegemea, inayotoa risiti bila kuunganishwa na kompyuta, hana shida na mfumo wowote. Shida inampata mwenye kifaa cha ESD, kinachoungwa na kompyuta ili kuwekea ankara alama ya kodi. Programu ya kifaa hicho mara nyingi hutolewa kwa Windows. Ikigoma, ankara haitoki, na bila risiti halali kuuza ni kosa.

Cha pili ni vitabu vya hesabu. TallyPrime, inayotumiwa na wafanyabiashara wengi nchini, imetengenezwa kwa Windows. Kwenye Linux zipo GnuCash, Odoo na nyinginezo, lakini mhasibu anayekuja mara moja kwa mwezi anataka faili la Tally. Mnunuzi wa mahindi Kibaigwa au mwenye kinu cha alizeti Singida hawezi kumlazimisha mhasibu wake ajifunze programu nyingine ili yeye aokoe bei ya leseni.

Cha tatu ni printa. Baadhi ya printa za leza za bei nafuu haziwezi kupanga ukurasa zenyewe. Zinaitegemea kompyuta kwa kazi hiyo, na bila draiva yake maalum hazitoi kitu. Kampuni ya HP hutengeneza draiva za Linux kwa printa zake nyingi, na Epson nayo hutoa draiva kwa mashine zake za wino wa tangi. Skana za kusomea msimbo wa bidhaa kwa kawaida hazisumbui, kwa kuwa kompyuta huziona kama kibodi.

STESHENARI NDIZO ZINAZOUMIA

Mzigo mkubwa uko kwenye steshenari za jirani na vyuo na ofisi za serikali. Wateja wake huja na kazi iliyokwisha kuandikwa kwenye Word. Linux haiji na herufi za Calibri na Times New Roman, bali herufi mbadala za Carlito na Liberation zenye vipimo vilevile. Barua ya ukurasa mmoja kwa kawaida hutoka salama. Ripoti ya kurasa 80 yenye majedwali na picha inaweza kuhama mistari, na mwanafunzi anayekabidhi kazi jioni hiyo hatamsikiliza mwenye duka akieleza habari za herufi. Atavuka barabara.

Aidha, mteja anayetaka picha yake irekebishwe kwa Photoshop, au faili la Excel lenye makro lifanye kazi kama lilivyo, atakuta Linux haina jibu kamili. GIMP na LibreOffice zinaweza mengi, lakini zinahitaji mfanyakazi aliyejifunza.

Kwa upande mwingine, steshenari hizo hizo ndizo zinazofaidika zaidi. Virusi vya flashi vinavyoficha mafaili ya mteja na kuacha njia za mkato tupu viliandikwa kwa Windows. Kwenye Linux havifanyi kazi, na mafaili yaliyofichwa huonekana.

Huduma nyingi nazo zimehamia kwenye intaneti. Zabuni za serikali zimekuwa zikipitia mfumo wa NeST tangu mwaka 2023, na malipo ya serikali kwa namba ya kumbukumbu hufanyika hata kwa simu. Simu za Android zenyewe zimejengwa juu ya Linux.

MFANO WA MUNICH

Hesabu hizi hazimsumbui mwenye duka peke yake. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuachana na Windows na likahamishia Linux kompyuta zake zipatazo 15,000. Mwaka 2017 baraza la jiji lilipiga kura kurudi Windows. Miongoni mwa malalamiko yaliyotajwa ni ugumu wa kubadilishana nyaraka na ofisi nyingine na programu zilizokosa toleo la Linux. Kama jiji lenye mafundi wake lilirudi, duka lenye fundi mmoja wa kuitwa kwa simu lijipime.

HESABU YENYEWE

Tuseme steshenari inaingiza faida ya Sh. 60,000 kwa siku. Siku sita za kukaa bila printa ni Sh. 360,000, zaidi ya bei ya leseni moja. Lakini duka lisilotumia ESD wala Tally, lenye printa inayoelewana na Linux, halipotezi siku hata moja, na fedha ya leseni inabaki dukani kununulia karatasi na wino.

Mfanyabiashara anashauriwa kufanya mambo manne kabla ya kuhama upande wowote. Aorodheshe kila kifaa na programu inayomwingizia fedha. Amuulize wakala wa EFD, kwa maandishi, kama kifaa chake kinakubali Linux. Aijaribu Linux kutoka kwenye flashi, bila kufuta kilichomo kwenye kompyuta, kwa wiki nzima ya kazi za kweli. Mwisho, ahakikishe yuko fundi wa pili anayeifahamu.

Wenye kompyuta zaidi ya moja wanaweza kugawa: moja ibaki na Windows halali kwa ankara na hesabu, nyingine ziwe na Linux kwa kuchapa, kutafuta mtandaoni na kufungua flashi za wateja. Kwa duka la kompyuta tatu, leseni mbili zinazookolewa ni Sh. 695,000.

Wahenga walisema bure aghali. Kwa Linux, ughali huo unaweza kuhesabiwa mapema, na anayeuhesabu ndiye atakayejua kama kweli amepata cha bure.