Kulinda Sakafu za Mbao Dhidi ya Maji

Ofisi, kumbi na nyumba nyingi za zamani zina sakafu za mbao ngumu kama mvule, mninga na mkongo. Sakafu hizo hudumu kwa miongo mingi, lakini huharibiwa na maji. Na mara nyingi maji hayo hayatoki kwenye mvua bali kwenye ndoo ya kudekia.

Mbao hunyonya unyevu na kutanuka kwa upana. Upande wa chini ukilowa kuliko wa juu, kingo za ubao huinuka na katikati hubonyea. Unyevu ukidumu, kuvu huota, mchwa huvutwa, na misumari hushika kutu na kuacha madoa meusi.

Katika usafi wa kila siku, mchanga ufagiliwe kwanza, kwa kuwa hukwaruza vanishi. Kisha sakafu ipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoshe maji, na ikaushwe papo hapo. Maji yasimwagwe sakafuni, wala sabuni kali isitumike. Milangoni pawekwe vikanyagio.

Ili kupima hali ya vanishi, matone machache ya maji yadondoshwe juu ya ubao. Yakibaki kama shanga, vanishi ni nzima. Yakinywewa na ubao ukawa mweusi, sakafu inahitaji kupakwa upya.

Chini ya sakafu iliyoinuliwa huwa na nafasi ya hewa. Matundu yake katika msingi wa jengo yasizibwe kwa udongo, matofali wala bustani ya maua. Mifereji ya paa nayo isafishwe kabla ya masika.

Sakafu ikifurika, maji yaondolewe mara moja, mazulia yatolewe na madirisha yafunguliwe. Isikaushwe kwa moto, kwani mbao hupasuka. Kosa kubwa zaidi ni kuipiga msasa ingali na unyevu: kingo zilizoinuka hupunguzwa, na mbao zikikauka kingo hizo hushuka, katikati pakabaki na nundu isiyoondoka. Iachwe wiki kadhaa, kwani mbao nyingi hurejea karibu na umbo lake. Ndipo fundi seremala aitwe.

Mvule huchukua miongo mingi kukomaa, na ubao wake ni ghali. Kitambaa kikavu ni nafuu kuliko sakafu mpya.