Mpunga Huku, Zabibu Kule

Mwezi Machi Ifakara, nguo iliyoanikwa jioni huamkia kambani ikiwa bado mbichi. Mto Kilombero umejaa, mpunga umesimama majini, na unyevu umetanda bonde zima. Mzabibu ukipandwa hapo utatoa majani mazuri tu, ila ukungu utavimaliza vichala kabla havijaiva.

Majira hayohayo Dodoma, mkoa ambao mvua yake ya mwaka ni milimita 600 hivi, wakulima wa Hombolo na Makutupora wanavuna zabibu za mvinyo mwekundu.

Sababu inaonekana kutoka Ifakara kwenyewe, ukiinua macho kaskazini-magharibi. Upepo wa Bahari ya Hindi hufika kwenye milima ya Udzungwa umebeba maji. Hupanda, hupoa, na kumwaga mvua yake kwenye miteremko inayotazama Kilombero. Udzungwa, pamoja na Rubeho na Ukaguru, huukamua upepo huo hata ukaingia Dodoma mkavu. Milima inayomnyweshea mpunga mkulima wa Ifakara ndiyo inayomkingia mvua mwenzake wa zabibu, na wawili hao ni nadra kujuana.

Halafu kuna mwinuko. Ifakara iko mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari. Dodoma imepita 1,100. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo pengo hapa ni kama nyuzi 5. Mchana jua kali hujaza zabibu sukari, na usiku ukipoa, tunda halipotezi uchachu wake wote. Argentina wamelipeleka jambo hili mbali sana: huko Salta, shamba la Altura Máxima la kampuni ya Colomé liko zaidi ya mita 3,000.

Zikishavunwa, minya punje ya zabibu nyeusi kati ya vidole. Maji yanayochuruzika karibu hayana rangi. Zambarau yote imebaki kwenye ganda. Ndiyo maana anayetaka mvinyo mwekundu mzito huacha maganda yachachuke pamoja na maji yake kwa siku kadhaa. Hamira hula sukari na kutoa kileo na gesi, gesi huyanyanyua maganda yakafanya tabaka nene juu ya tangi, na mfanyakazi hulizamisha tena na tena kila siku. Humo hutoka rangi na tanini, ile inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Tanini na kileo ndivyo vinavyoupa mvinyo uzito mdomoni.

Zabibu zililetwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki katikati ya karne ya 20, kwa kuwa divai ya misa lazima iwe ya zabibu halisi. Aina nyekundu iliyozoeleka zaidi nayo inaitwa Makutupora. Baadaye Waitaliano walioanzisha kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO huko Hombolo walileta aina za kwao, kama Aglianico na Teroldego, zinazotoa mvinyo mzito.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi kali ya kuulaza, basi kazi hiyo hufanywa na mkasi: mkulima hupogoa, machipukizi hutoka, na baada ya takriban miezi minne huvuna. Mavuno ya kwanza huwa Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba.

Shida ni kwamba zabibu hazisubiri. Gunia la mpunga wa Ifakara linaweza kukaa ghalani mpaka bei ipande, lakini kreti ya zabibu isiyopata mnunuzi huoza ndani ya siku chache, jasho la msimu mzima likapotea. Wakulima wenye uwezo wa kusindika huzikamua mapema na kuhifadhi kwenye matangi kile ambacho Dodoma hukiita mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao haujakamilishwa. Mchuzi huo unaweza kumngoja mnunuzi kwa miezi.