Kwa nini pesa ya banki inaweza kupotea

Katika vikundi vya akiba vya wakimbizi wa ndani swali hili linarudi kila mara: pesa yetu tuipeleke banki, ama tuifiche ndani ya hema? Wazee wanaogopa banki, na woga wao si ujinga. Mwaka 1991, Bindo Promotion kule Kinshasa iliahidi faida ambayo hakuna biashara inayoweza kuizaa, kisha ikaanguka na pesa za watu. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja, na mwaka 1994 kupanda kwa bei kulipita asilimia 9,000. Akiba ya miaka mingi ikageuka karatasi.

Kwanza tuelewe kazi ya banki. Pesa unayoweka haikai katika sanduku lenye jina lako. Banki inabakiza sehemu tu, na nyingine inakopesha. Kwa hiyo banki inaishi kwa jambo moja: aliyekopa arudishe. Hapo ndipo rushwa inapoingia. Mkopo ukitolewa kwa sababu mwombaji ni ndugu wa mkubwa, ama ametoa madesu ya bana, hakuna aliyechunguza kama ataweza kulipa. Na asipolipa, nani atamfuata? Kwenye vitabu banki inaonekana tajiri, maana deni linahesabiwa kama mali, lakini pesa haiko. Hasara hiyo inapelekwa kwa mfanyabiashara mwaminifu: anatozwa riba kubwa, ama ananyimwa mkopo kabisa.

Kazi ya kuzuia hayo ni ya Banki Kuu ya Kongo. Ndiyo inayotoa kibali, inadai mtaji, inakagua vitabu. Kwa maoni yangu nchi yetu haikukosa sheria. Sheria ya banki ya tarehe 2 Februari 2002 ilikuwapo, na nyingine ikaja Desemba 2022. Tatizo ni pale mkaguzi anapoogopa simu ya mkubwa.

Mfano unajulikana. Mwaka 2016 Jean-Jacques Lumumba, aliyekuwa mfanyakazi wa BGFIBank mjini Kinshasa, alitoa hadharani nyaraka za banki hiyo. Mkurugenzi wake alikuwa ndugu wa kulelewa wa rais wa wakati ule, Joseph Kabila. Mwaka 2021 uchunguzi wa waandishi wa habari na mashirika, ulioitwa Congo Hold-up, ulisema kwamba dola zisizopungua milioni 138 za mali ya umma zilipotezwa kwa kupitia banki hiyo. Yaani pesa ambayo ingeweza kulipa walimu na wauguzi.

Mwaka huohuo wa 2016 ikaja shida ya BIAC, moja ya banki kubwa za nchi. Mikopo mingi haikuwa imerudi, na Banki Kuu ikaacha kuibeba kwa mikopo yake. Wenye akaunti wakapanga mstari na kupewa kiasi kidogo tu, na watumishi wa serikali waliolipwa kupitia banki hiyo wakateseka. Hapakuwa na mfuko wa kuwalipa wenye akiba banki inapoanguka. (Kufungwa kwa banki za Goma mwisho wa Januari 2025 ni jambo tofauti, lililoletwa na vita.)

Lakini masharti mengi nayo yana ubaya wake. Mtu aliyekimbia bila kadi ya mpiga kura anashindwa kufungua akaunti. Na pale zinapodaiwa sahihi tano, kila sahihi inakuwa mlango wa kuombwa pesa.

Kwa hiyo viongozi wa vikundi, kabla ya kukabidhi sanduku kwa koperative yoyote, ombeni kuona agrément ya Banki Kuu, si kibali cha mtaa ama barua ya shirika. Ulizeni kama wakubwa wa koperative wenyewe wamekopa, na kama wanalipa. Ulizeni lini hesabu zilisomwa mbele ya wanamemba wote. Katika koperative kila mwanamemba ana kura moja, hata aliyeweka kidogo. Meneja akikasirika kwa maswali hayo, rudini na sanduku lenu. Akijibu vizuri, wekeni sehemu kwanza, kila mara mdai risiti yenye muhuri, na daftari libaki kwa mwandishi wa kikundi, si kwa wakala anayepita kukusanya.