Tovuti ya Chama Imjibu Mnunuzi

Baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, nafaka ya vijijini ilinunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC). Mkulima wa Mbulumbulu hakuwa na haja ya kumtafuta mnunuzi, wala ya kujieleza kwake. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na biashara ya nafaka ikafunguliwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Leo mnunuzi wa ngano au maharage anachagua, na mara nyingi huchagua akiwa mbali, simu mkononi. Hivyo tovuti ya chama cha msingi si pambo. Ni mlango wa ghala.

Kosa lililo kubwa ni kuandika yanayotupendeza sisi viongozi: historia ndefu ya chama, picha za wajumbe wa bodi, na simba wa Ngorongoro. Mnunuzi wa maharage hakuja kutazama simba. Amekuja na maswali manne: Mnauza nini? Kwa bei gani? Mko wapi? Nimwone nani? Yafaa majibu yote manne yaonekane katika ukurasa wa kwanza, kwa maneno machache.

Bidhaa. Tajeni zao, aina yake, kiasi kilichopo ghalani na msimu wa mavuno. Picha iwe ya maharage yenyewe, si ya kuazima. Tena iwe nyepesi, kwa kuwa anayefungua kwa simu hulipia kifurushi, na picha nzito humchosha kabla hajasoma lolote.

Bei. Iandikwe kwa kilo. Neno "gunia" peke yake huleta ugomvi, maana mmoja hufikiri kilo mia moja na mwingine hufikiri lumbesa. Kando ya bei iwekwe tarehe. Bei ya mwezi uliopita isiyofutwa ni ahadi ya uongo, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Mahali. Mgeni huchanganya Mbulumbulu na Mbulu. Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990. Sasa Mbulu iko Mkoa wa Manyara nasi tuko Mkoa wa Arusha. Tuseme lori limetumwa Mbulu kwa kosa hilo: nani atalipa mafuta? Andikeni kijiji, kata, wilaya na mkoa, kisha mwelekeze njia tokea Karatu mjini, pamoja na hali ya barabara wakati wa masika.

Mawasiliano. Namba ya simu iwe ya chama, wala isiwe ya katibu binafsi, ili akiondoka asiondoke na wateja. Jina la tovuti nalo lisajiliwe kwa jina la chama, ada yake ya mwaka iingizwe katika bajeti, na neno la siri lihifadhiwe na zaidi ya mtu mmoja. Kwa malipo ya simu, andikeni jina ambalo mteja ataliona kabla ya kuthibitisha, asije akatuma fedha kwa tapeli.

Haya si adabu ya biashara tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka auzaye kwa njia hiyo ajitambulishe, ataje anwani yake, aeleze bidhaa na kutaja bei kamili.

Yatupasa, ndugu wanaushirika, kumteua mjumbe mmoja wa kusahihisha bei na akiba ya ghala kila juma, naye atoe taarifa katika kikao cha bodi. Kisha fanyeni jaribio jepesi. Mpeni simu mtu asiyekijua chama chenu, mmwulize yale maswali manne. Akishindwa hata moja, msimlaumu. Rekebisheni ukurasa kabla ya mavuno yajayo.